Njia Isiyoamka Yenyewe

Jumatatu, 20 Machi 2006. Kinoo

Bwana Muchiri, fundi wa kompyuta kutoka ofisi ya tauni, huko katikati ya jiji, amenipa kitabu hiki leo. Ni shajara ya mwaka juzi, ina tangazo la dawa ya kupe kwenye jalada, na ndani haijaandikwa kitu. Alisema, "Mzee, kila siku andika stima imepotea saa ngapi na imerudi saa ngapi. Hiyo tu." Lakini ukurasa ni mkubwa na stima haijazi hata mstari mmoja, kwa hiyo nitaandika na mengine. Niliishia darasa la sita huko kwetu Mutomo. Mwalimu alisema nina mwandiko mzuri. Tangu hapo mkono huo umebeba magunia miaka kumi na tisa.

Hili ni ghala la chakula cha mifugo, kando ya Waiyaki Way. Tunasaga mahindi, tunachanganya na pumba na mashudu, tunajaza magunia, lori linapeleka Dagoretti, Kikuyu na Limuru. Mimi ni mpakiaji. Ninalala hapa hapa katika chumba cha nyuma, kwa hiyo pia ni mlinzi, ingawa hakuna anayeniita hivyo. Karani ni Waithera, tunamwita Mama Kuria. Meneja ni Bwana Ndungu, naye anakaa ofisi ya tauni, Barabara ya Kirinyaga.

Oda zote hupokelewa tauni. Zinafika hapa kwa kompyuta kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, printa inazitoa, tunapakia, na lori linatoka saa kumi na mbili na nusu. Zinapita kwenye kitu ambacho Muchiri anakiita VPN. Alinieleza hivi: mtandao ni barabara kuu, kila mtu anapita, hata mwizi. VPN ni kujenga ukuta kila upande, kutoka mlango wetu hadi mlango wa tauni, ili wa nje asione umebeba nini. Mimi naiita njia tu. Stima ikipotea, taa na kompyuta vinazimika, na njia inaanguka. Stima ikirudi, kompyuta inaamka, lakini njia haiamki. Lazima mtu aketi aandike amri, kisha neno la siri, na neno hilo analo Mama Kuria peke yake.

Sasa ni Machi na mvua imeanza, na mvua ikianza hapa stima huondoka kama mgeni asiyeaga.

Stima: ilipotea saa kumi alfajiri, ikarudi saa kumi na moja na nusu. Njia haikuja.

Jumanne, 21 Machi

Stima haikupotea. Mgongo unauma upande wa kushoto.

Alhamisi, 23 Machi

Stima: ilipotea, ikarudi saa kumi na moja. Njia haikuja. Mama Kuria alifika saa kumi na mbili na dakika kumi. Lori likachelewa.

Mama huyu anakaa Kangemi, chumba kimoja, na mtoto wa miezi mitatu, Kuria. Baba wa mtoto simjui na sijauliza. Ili afike hapa mapema anaamka saa kumi, anamnyonyesha mtoto, anamwachia jirani yake Njambi, anatoka kwenye mvua. Leo aliingia amekumbatia faili kifuani, na hakuiweka chini mpaka alipovaa koti la kazi. Nina watoto wanne, wa kwanza ni Nzembi. Najua maziwa yakifika saa yake hayaulizi kama uko kazini. Nilijifanya natafuta kamba.

Bwana Ndungu alipiga simu. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye mizani.

"Waithera, hii ni mara ya pili wiki hii. Ng'ombe hawangoji!"

"Ni stima, Bwana Ndungu."

"Stima hupotea Kinoo yote, si kwako tu. Mara tatu zingine, nitaweka karani mwanaume anayeweza kulala hapo."

"Sawa."

Aliweka simu chini polepole, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nakiri kwamba nilimwona mwenye kiburi. Asubuhi hanisalimii vizuri. Leo nimeelewa kwamba asubuhi hana pumzi ya kusalimia.

Jumamosi, 25 Machi

Radi. Kukiwa na radi, amri ni kuchomoa nyaya zote ukutani, maana mwaka jana ilipiga printa. Nilichomoa. Kasiva, mke wangu, alipiga simu kutoka dukani huko Mutomo: kwetu halijaanguka hata tone. Nililala nikisikia maji yakimwagika bure kwenye lami.

Jumatano, 29 Machi

Mama Kuria alitaka kunipa neno la siri.

"Baba Nzembi, wewe unalala hapa. Unaandika tu, mimi nakuja saa moja nikiwa nimemnyonyesha mtoto vizuri."

"Hapana, mama."

"Ni kitu ya dakika moja."

Nilimweleza kwa nini. Mwaka wa tisini na nane nilipewa ufunguo wa stoo huko Industrial Area. Misumari ikapotea. Kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwangu, mwizi nikawa mimi. Nilikaa siku nne ndani kwa polisi, kazi ikaisha, na misumari ikaja kupatikana chini ya mabati. Hakuna aliyenitafuta kuniambia pole.

Hakunilaumu. Alisema, "Basi, wacha tu." Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 30 Machi

Stima ilipotea. Njia haikuja. Lori lilichelewa. Moja.

Jumamosi, 1 Aprili

Stima ilipotea. Lori lilichelewa. Mbili.

Jumanne, 4 Aprili

Mvua haikuacha tangu jana jioni. Saa kumi na moja na nusu simu yangu ililia.

"Baba Nzembi! Niko Uthiru, barabara imejaa maji, magari hayasongi. Stima iko?"

"Imerudi sasa hivi. Njia haiko."

"Hii ndio ya tatu."

Nilisikia mvua ndani ya simu, na honi. Hakuniomba. Angeniomba pengine ningekataa.

"Sema nifanye nini," nikamwambia.

"Ati?"

"Sema haraka, kabla sijabadilisha mawazo."

Nilikaa kwenye kiti chake nikiwa na pumba mpaka kwenye nyusi. Kompyuta yetu haina zile picha za kubofya. Muchiri anasema ni Linux. Ni skrini nyeusi yenye maandishi meupe, kama ubao wa shule, na hilo lilinipa moyo. Alinitajia amri herufi moja moja, nikaandika. Kisha akasema, "Sasa itakuuliza neno," akalitaja. Sitaliandika hapa.

Nikabonyeza herufi ya kwanza. Hakikuonekana kitu. Nikabonyeza tena kwa nguvu.

"Mama, imekataa. Haiandiki."

"Inaandika lakini haionyeshi! Neno la siri halionyeshwi. Andika kama kipofu."

"Nimeshabonyeza ya kwanza mara tatu."

"Aki Baba Nzembi! Bonyeza Enter, ikatae, tuanze upya."

Ikakataa. Tukaanza upya, ikakataa tena. Nafikiri kidole changu kilifunika herufi mbili, maana vidole vya kubeba magunia havikuumbwa kwa vile vitufe. Mara ya tatu nilibonyeza kwa ncha ya kalamu hii ninayoandikia. Mistari ikakimbia juu. Akanipa amri nyingine ya kuangalia, akasema nitafute mahali palipoandikwa tun0, kwamba huo ndio mlango wa njia. Ukiwepo, njia ipo.

"Naona te, u, ne," nikamwambia. "Na sifuri!"

Printa ikakohoa, ikaanza kutoa oda. Mama Kuria alipiga kelele huko Uthiru, na nikasikia mtu akimuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Lori lilitoka saa kumi na mbili na nusu kamili.

Jumatano, 5 Aprili

Tumekubaliana. Nitafungua njia mimi, yeye atakuja saa moja na nusu. Haambiwi mtu.

Ijumaa, 7 Aprili

Stima ilipotea. Nilifungua kwa jaribio la kwanza.

Jumanne, 11 Aprili

Nilifungua. Siku hizi nanawa mikono kwanza, kama mtu anayeenda kula.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Mama Kuria alinialika Kangemi. Nilivaa shati la kanisani. Njambi, jirani yake, alipika chapati na ndengu, akasema, "Kumbe ndiye huyu daktari wa kompyuta! Mbona anafanana na mtu wa mjengo?" Tulicheka sana. Nilipewa Kuria nimshike. Nilimwambia mama yake kwamba nanuka mashudu, akasema mjukuu wa mkulima hajali. Kuria alinishika kile kidole kinachofunika herufi mbili akakataa kukiachilia. Kitinda mimba wangu nilimwona mara ya kwanza akiwa na mwaka mmoja tayari, anatembea, akanikimbia akidhani mimi ni mgeni.

Alhamisi, 20 Aprili

Kasiva amesema imenyesha Mutomo siku mbili mfululizo. Amepanda kunde na ndengu. Nilimwambia siku hizi nafanya kazi ya kompyuta.

"Wewe?" akasema. "Inabebwa kwa mgongo?"

Jumanne, 25 Aprili

Leo nitaandika polepole.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano nilikuwa kwenye kiti, njia imeshafunguka, nasubiri printa. Gari liliingia. Nilidhani ni lori. Nilipogeuka, Bwana Ndungu alikuwa mlangoni, mwavuli wake unatiririka kwenye sakafu niliyotoka kufagia.

"Wewe unakaa hapo kama nani?"

"Kitavi, mpakiaji."

"Najua wewe ni Kitavi. Neno la siri umepewa na nani?"

Nilikumbuka Industrial Area yote kwa mara moja. Hata harufu. Halafu nikamkumbuka mama akiwa na ile faili kifuani.

"Nilichungulia," nikasema. "Karani akiandika, nilisimama nyuma yake. Yeye hajui."

Bwana Ndungu akakunja mwavuli. "Ukachungulia neno lisiloonekana?"

Hilo nilikuwa nimelisahau. "Nilichungulia vidole."

"Vidole." Aliniangalia mikono, akaangalia ile kalamu. "Na wewe unaandika na kalamu. Kitavi, hata kudanganya hujui."

Alikaa juu ya gunia, suti na yote, akangoja. Nilipakia lori nikiwa najua anatazama saa. Mama Kuria aliingia saa moja na nusu, akatuona sote wawili, akaelewa.

"Ni mimi nilimpa," akasema. "Huyu mzee alikataa kwanza. Ukifuta mtu kazi, futa mimi."

"Kwa nini ulimpa?"

"Nina mtoto mdogo."

"Kila mtu ana mtoto, Waithera."

"Kila mtu haamki saa kumi kuandika maneno mawili, halafu akae bure mpaka saa mbili."

Nilimtazama Bwana Ndungu kwa mara ya kwanza bila sauti yake ya simu. Ni mtu mwenye macho mekundu, viatu vyake vimepasuka pembeni. Naye alitoka kwake usiku huo ili kutufumania, na mvua ilimnyeshea yeye pia.

"Sikilizeni," akasema. "Kitavi, usiguse hiyo mashine tena. Hata kupangusa. Muchiri atakuja aifanye iamke yenyewe. Nawapa mpaka Madaraka, tarehe moja Juni. Ikifika Madaraka na bado inataka mkono wa mtu asubuhi, naweka karani wa kulala hapa. Na wewe, Waithera, utatafuta kwingine."

Alipoondoka, Mama Kuria alinimiminia chai, jambo ambalo hajawahi kufanya, akaitia sukari vijiko vinne kama ninavyopenda.

"Ati vidole," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili.

Ijumaa, 28 Aprili

Muchiri alikuja. Alitoa lile neno la siri kwenye njia, akaweka ufunguo ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye faili ambayo mtu mwingine hawezi kuisoma. Kisha akaiandikia kwamba kila ikiamka ifungue njia. Aliizima na kuiwasha mara tano mbele yetu. Mara tano, tun0.

"Imekubali. Mama Kuria, lala mpaka jua likupate," akasema, akarudi tauni kabla ya foleni.

Nikaionea wivu ile mashine. Inachekesha lakini ni kweli.

Jumanne, 2 Mei

Stima ilipotea, ikarudi saa kumi na moja. Kompyuta iliamka. Njia haikuja. Nilisimama mbele ya skrini mikono nyuma, najua herufi zote za ile amri na nimekatazwa. Nikampigia. Alikuja mbio. Lori lilichelewa.

Alhamisi, 4 Mei

Jana usiku radi kali. Nilichomoa kila kitu. Asubuhi nilichomeka, nikawasha. Njia ilikuja yenyewe! Muchiri akasema kwa simu, "Si niliwaambia?"

Jumamosi, 6 Mei

Stima ilipotea, ikarudi. Njia haikuja. Mama Kuria alikuja mbio.

Jumatatu, 8 Mei

Muchiri alikuja tena. Alizima na kuwasha kompyuta mara nane. Ilikubali mara nane. Akatutazama kwa jicho baya.

"Kuna mtu anagusa waya hapa?"

"Nani aguse?" Mama Kuria akamjibu. "Panya?"

"Mimi sioni shida, mama. Kila nikijaribu inakubali."

"Basi ulale hapa wewe, uione."

Akaondoka amenuna. Zamani nilimwona mwerevu sana. Leo nilimwona kama daktari anayemwambia mgonjwa haumwi.

Alhamisi, 11 Mei

Stima ilipotea. Njia haikuja. Kuria ana homa na mama yake alikuja hivyo hivyo.

Jumamosi, 13 Mei

Radi. Nilichomoa, nikachomeka asubuhi. Njia ilikuja. Sielewi.

Jumanne, 16 Mei

Stima ilipotea. Njia haikuja. Mama Kuria amekonda. Alilala kwenye meza saa nne mchana, kichwa juu ya oda za Limuru, nikamfunika na gunia safi.

Ijumaa, 19 Mei

Leo haikunyesha na lori liliharibika, kwa hiyo nilikaa nikasoma kitabu hiki tangu mwanzo. Nilitaka kuona mvua ilianza lini. Nikaona kitu kingine.

Tangu Muchiri alipoiandikia iamke yenyewe, siku za radi, ambazo ndizo mbaya zaidi, njia huja. Siku ambazo stima hupotea tu kidogo na kurudi, haiji. Hata mara moja. Nilirudia kurasa mara tatu nikiweka kidole.

Nikajiuliza: siku ya radi ni nini kinachotofautiana? Tofauti ni mimi. Siku ya radi nyaya ziko chini, na asubuhi nazirudisha mimi kwa mkono. Nami huwa narudisha kama ninavyowasha kinu na kichanganyio. Hapa kwetu huwashi mashine mbili pamoja. Unawasha kinu, unangoja kishike kasi, ndipo unawasha cha pili, la sivyo fyuzi inaruka. Kwa hiyo kwanza nachomeka kile kisanduku cha mtandao, chenye waya unaoenda kwenye sahani ya bati juu ya paa. Taa yake inapepesa dakika tatu au nne kabla ya kutulia. Mimi hapo naweka chai. Chai ikichemka ndipo naiwasha kompyuta.

Lakini stima ikirudi yenyewe, vyote vinaamka pamoja. Kompyuta inataka kwenda tauni na barabara haijafunguliwa!

Na Muchiri akijaribu, anazima kompyuta peke yake. Kisanduku hakizimi kamwe. Kwake barabara iko wazi kila mara.

Nilimweleza Mama Kuria. Akampigia Muchiri na kunipa simu. Muchiri alicheka.

"Mzee, kompyuta sio kinu."

"Sawa, bwana. Lakini wewe umewahi kuzima kisanduku?"

Kicheko kikakatika.

"Muchiri? Uko?"

"Niko. Nakuja Jumanne."

Jumanne, 23 Mei

Muchiri alifika saa tatu. Nilimpeleka kwenye swichi kuu ukutani, ile ya kukata stima ya ghala zima.

"Zima hii," nikamwambia. "Zima kama kampuni ya stima inavyozima. Bila huruma."

Akaivuta. Giza, kinu kikafa, wapakiaji wenzangu wakapiga miluzi. Akairudisha. Taa ya kisanduku ikaanza kupepesa. Kompyuta ikaanza kuamka. Tulisimama watatu mbele ya skrini. Mistari ilipita, mmoja ukasimama, Muchiri akausoma kwa sauti ndogo: ilikuwa imeuliza ofisi ya tauni iko wapi, haikupata jibu, ikakata tamaa. Ilikuwa imeuliza mara moja tu. Aliangalia, tun0 haikuwepo. Dakika tatu baadaye taa ya kisanduku ikatulia, lakini kompyuta ilikuwa imeshajikalia kimya.

"Mimi ni mjinga," Muchiri akasema.

"Wewe si mjinga," Mama Kuria akasema. "Zile mara zingine ulikuja saa nne asubuhi ukakuta sisi tumewasha kila kitu."

Akafungua faili, akabadilisha mstari mmoja, akaongeza mwingine. Nilimuuliza amefanya nini. "Nimeiambia isichoke kuuliza," akasema. "Ikikosa jibu ingoje, iulize tena, hata siku nzima." Nikamwambia hata mtoto anajua hilo. Akasema hii bado ni mtoto.

Tukavuta swichi mara sita. Iliuliza, ikakosa, ikauliza. Taa ikatulia, na tun0 ikaja bila mkono wa mtu. Muchiri aliniomba nimwonyeshe kitabu. Alisoma kurasa kadhaa, nikaona aibu kwa sababu ya zile sehemu zinazomhusu. Alipofika kwenye daktari na mgonjwa aliniangalia.

"Hii ni kweli, mzee," akasema, akanirudishia kwa mikono miwili.

Mama Kuria alimpigia Bwana Ndungu. Nilisikia jibu nikiwa kwenye mizani. "Kuzimwa na mkono si kupotea kwa stima. Fundi alisema imekubali mara mbili nikamwamini. Nitaamini siku ya stima yenyewe, nikiwa huku, nikiona oda zimepokelewa kabla ya saa kumi na mbili. Na Madaraka ni ile ile."

Jumatano, 24 Mei

Stima haikupotea.

Alhamisi, 25 Mei

Haikupotea.

Ijumaa, 26 Mei

Haikupotea. Hata mvua imepungua. Miezi miwili tumeilaani stima, sasa tunaiomba ipotee na imekuwa mwaminifu kama shemasi.

Jumamosi, 27 Mei

Haikupotea. Mama Kuria bado anakuja alfajiri, endapo stima itapotea. Leo alitazama taa ya dari kwa chuki. "Si uzimike," akaiambia. Dereva wa lori akauliza kama tumerogwa.

Jumatatu, 29 Mei

Haikupotea. Nilimwambia Mama Kuria nivute swichi kwa siri alfajiri, Bwana Ndungu atajuaje? Alikataa. "Tulidanganya mara moja na hatukuweza," akasema. "Wewe hasa." Kisha akaniambia kwamba ameanza kuulizia kazi ya kuuza nguo soko la Kangemi. Alisema kama jambo dogo. Nilibeba magunia siku nzima bila kuuhisi mgongo.

Jumanne, 30 Mei

Haikupotea. Kesho ndiyo ya mwisho. Jioni wingu jeusi lilisimama upande wa Limuru. Sijawahi kulipenda wingu hivyo tangu nitoke Mutomo.

Jumatano, 31 Mei

Stima: ilipotea saa kumi alfajiri, ikarudi saa kumi na moja na dakika ishirini.

Niliamshwa na jokofu la dukani kwa jirani lilipoanza kunguruma tena. Nikaenda ofisini, nikakaa juu ya kiti, nikaikalia mikono yangu. Taa ya kisanduku ilikuwa inapepesa. Kompyuta iliandika mistari yake. Ukaja ule mstari wa kukosa jibu. Nikangoja. Ukaja tena. Nikangoja. Ukaja mara ya tatu, na mikono ikataka kutoka, nikaikalia zaidi. Nilijikuta nasema nayo kwa Kikamba, kama ninavyosema na ng'ombe anapozaa, kwamba asiogope, aulize tu. Ikauliza. Sikujua tena ni mara ngapi.

Taa ilitulia. Mistari ikakimbia.

Printa ilianza saa kumi na mbili kasoro ishirini na tano. Dagoretti, magunia arobaini. Kikuyu, kumi na nane. Sikugusa hata karatasi ilipoanguka sakafuni.

Simu ya ofisini ikalia. Hiyo si mashine, nikaishika.

"Ni Ndungu. Naona zimepokelewa huko. Nani amebonyeza?"

"Hakuna mtu, bwana."

"Waithera hajafika?"

"Hajafika."

"Na wewe?"

"Mimi nimeikalia mikono."

Nilisikia akivuta pumzi, kisha kijiko kwenye kikombe. Naye alikuwa amekesha.

"Mwambie aje saa mbili," akasema. "Kama makarani wengine wote. Leo na kila siku."

Nikampigia Mama Kuria. Alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Haijakuja? Mtoto amenichelewesha, lakini niko mlangoni, nimeshavaa viatu. Nakuja!"

"Vivue," nikamwambia.

"Ati?"

"Vivue, mama. Imekuja yenyewe. Bwana amesema saa mbili, kila siku."

Mtoto alikuwa analia nyuma yake, kile kilio cha kudai, si cha ugonjwa. Nikasikia kiatu kimoja kikianguka sakafuni, kisha cha pili. Nikasikia kitanda. Kisha kilio kikakatika katikati, kama kinavyokatika mdomo ukipata kitu chake.

Nilisubiri kidogo, nikakata simu, nikaenda kupakia.